Nafasi ya Chuo cha Bundi

Barua ya kwanza ya kukubaliwa ilimkuta Desimali ameshakata tamaa, amekalia sanduku la madodoso, anatafuna karanga. Vyuo sita vilikuwa vimeshamkataa, kila kimoja kwa adabu kuliko kilichotangulia. Ujumbe wa saba aliufungua kwa kidole kimoja, kama mtu anayefunua sufuria huku akijua chakula kimeshaungua. Akasoma mstari wa kwanza. Akaurudia. Karanga zikamwagika sakafuni zote, naye akabaki kinywa wazi, hajui acheke au alie.

"Vipi, umefiwa?" akauliza Mama Safi kutoka meza ya pili.

"Nimekubaliwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

Wawili hawa walikuwa wasaidizi wa Profesa katika chumba cha takwimu, idara ya uchumi, ghorofa ya chini, mlango unaokwaruza sakafu. Kazi yao ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta majibu ya utafiti wa Profesa kuhusu masoko. Mmoja anasoma dodoso kwa sauti, mwenzake anachapa, koo likikauka wanabadilishana. Desimali alipewa jina hilo kwa sababu hajawahi kukubali kukadiria namba yoyote. Ukimuuliza saa, anakupa mpaka dakika. Mama Safi alipewa lake kwa kusafisha takwimu. Chini ya mkono wake hakupita muuza nyanya mwenye umri wa miaka mia mbili, wala kibanda chenye idadi ya milango hasi tatu. Mwaka huo wote wawili walikuwa wameomba nafasi za kusomea uzamivu wa uchumi ng'ambo, kijana kwa mara ya kwanza, Mama Safi kwa mara ya tatu na, kwa kiapo chake mwenyewe, ya mwisho.

Ukutani kulikuwa na karatasi ya mwandiko wa Profesa: HAKUNA KUTAJA CHUO MPAKA TAREHE KUMI NA TANO APRILI. Tarehe hiyo ndiyo siku ambayo kila aliyekubaliwa lazima awe amejibu ndiyo au hapana. Sheria ilizaliwa baada ya wasaidizi wawili wa zamani kugundua kwamba wameomba chuo kimoja. Mmoja alipata. Aliyekosa akamwagia chai kompyuta ya mwenzake, na kompyuta yenyewe ilikuwa mali ya idara. Tangu hapo ruhusa ni kusema umepata au umekosa. Wapi, hapana.

Kwa hiyo Mama Safi hakuuliza wapi. Aliinuka, akampa mkono, akamsaidia kuokota karanga.

Chuo chenyewe kilikuwa na nembo ya bundi. Jioni hiyo mama yake Desimali, fundi cherehani, alivaa miwani, akaishika barua iliyochapwa, na hakuvuka hapo kwenye bundi. Alisema ameishi miaka mingi na ameona mengi, ila chuo kinachojitangaza kwa ndege huyo hajapata kukiona.

"Mwanangu, huko wanasomesha au wanaagua?"

Desimali alicheka, akamsomea ukurasa wa kwanza, ule wenye pongezi. Kurasa mbili zilizobaki zilikuwa za mambo ya malazi na nini sijui, akaziacha.

Tarehe ishirini Machi ikaja ya pili. Hii ilitoka chuo chenye nembo ya mwenge, chuo ambacho Desimali alikiota tangu mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kutolea nakala alipoisoma kwenye simu. Akashika bega la mtu wa mbele ambaye hata hamjui, akamwomba radhi mara nne. Hakuhitaji kupima wala kulinganisha. Palepale, kabla zamu yake haijafika, aliamua kwamba anakwenda Mwenge. Kilichobaki ni kuwaandikia Bundi mistari miwili: asanteni, sitakuja.

Hakuwaandikia. Na hapa ndipo unapotamani kumshika mtu sikio. Kisa ni kwamba mjomba wake, fundi viatu, alikuwa ameshatangaza kwa kila mwenye kiatu kilichotoboka kwamba vyuo viwili vinamgombea kijana wao kama mchumba. Mama mtu, kwa uoga wake wote wa bundi, alizitandaza barua zote mbili chini ya kioo cha meza ya cherehani ili wateja wazione wakisubiri kupimwa. Barua moja ni bahati, mbili ni sifa. Na dhamiri ilipomwasha, Desimali alikuwa na elimu ya kujikunia. Lolote laweza kutokea, alijiambia. Mwenge wanaweza kughairi. Kuacha mlango wazi ni bure, kungoja hakuli wala hakunywi. Msomi mzima wa uchumi, asijiulize hiyo bure yake nani anailipia!

Kinachoudhi zaidi ni insha aliyoombea nafasi. Aliandika juu ya vibanda vya soko vilivyoshikwa na watu wasiovitumia. Wamevitia kufuli na kwenda zao, na wachuuzi wanatandaza bidhaa chini, juani, mbele ya milango iliyofungwa. Mama Safi ndiye aliyemsahihishia insha hiyo kwa siku tatu, akifuta na kupanga upya. Kwenye sentensi moja tu hakugusa kitu. Ilisema: "Mwenye kufuli hapotezi chochote, ndiyo maana hana haraka." Pembeni yake Mama Safi alitia vema, akaandika: nzuri.

Majibu ya Mama Safi mwenyewe yalikuja mwishoni mwa Machi, nayo yalikuwa mawili. Chuo kimoja kilimkubali moja kwa moja, chuo kizuri tu, lakini kwa masharti kwamba miaka miwili ya mwanzo mwanafunzi anaishi bwenini peke yake. Mama Safi alikuwa na binti wa miaka minne. Mumewe alikuwa dereva wa malori, wiki tatu barabarani na siku nne nyumbani, kwa hiyo mtoto angebaki kwa bibi yake. Chuo cha pili kilimweka kwenye orodha ya kusubiri, na huko angeweza kwenda na mwanawe.

"Niko wa kwanza kwenye foleni," alimwambia Desimali. "Mtu mmoja tu akisema hapana, napita na mwanangu."

Basi ikawa kila asubuhi, kabla hajavua mtandio wala kuweka mkoba chini, anafungua barua pepe zake. Hakuna. Anafunga, anavuta dodoso, wanaanza kazi. Desimali alimwonea huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli.

"Subira yavuta heri, dada," alimwambia, si mara moja.

Wiki ya kwanza ya Aprili, Profesa alimwita Desimali pembeni kwenye korido. Alimuuliza kama ameamua, akajibiwa ndiyo, zamani. Akamuuliza kama ile nyingine ameirudisha. Desimali akaanza kueleza habari za kuacha mlango wazi, na Profesa akamkata.

"Usiyoitaka irudishe leo. Nyuma yako kuna mtu."

"Leo leo, Profesa," alisema Desimali. Leo leo ikawa kesho, na kesho mnaijua wenyewe.

Tarehe kumi na tano Mama Safi alifika mapema, akakaa na mtandio wake kichwani. Hawakufanya kazi ya maana asubuhi hiyo. Yeye alikuwa anaufungua na kuufunga ukurasa uleule, na Desimali anajifanya kupanga masanduku. Saa sita na dakika tano alimsikia akivuta pumzi ndefu, kisha mlio wa kitufe.

"Basi. Nimesaini kule kwingine," alisema. "Jioni wanafunga, nisije nikakosa mwana na maji ya moto." Kisha akasikia alichokisema. Alijipangusa uso kwa kiganja. "Miaka miwili. Nikirudi ataniita shangazi."

Desimali alimletea maji, akakaa kitako mezani pake mpaka karibu saa tisa, na ni kule kutafuta pa kuyaelekezea macho ndiko kulikomkumbusha kwamba na yeye ana jambo la kumaliza kabla ya jioni. Akaifungua barua ya Bundi. Kitufe cha kukataa kilikuwa mwishoni kabisa, ukurasa wa tatu. Alikuwa hajawahi kufika ukurasa wa tatu.

Alipokuwa anashuka, jicho likanasa kichwa cha habari: Nyumba za wanafunzi wenye familia. Chini yake ikaelezwa kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kuja na watoto tangu siku ya kwanza, na kwamba shule ya chekechea imo ndani ya uwanja uleule. Akamkumbuka binti wa Mama Safi. Alijiambia vyuo ni vingi duniani, vyenye chekechea haviwezi kukosekana hata kumi. Alikikosa kitufe mara mbili. Mara ya tatu akakipata. Ilikuwa saa tisa na dakika tatu.

Zikapita dakika arobaini. Kompyuta ya Mama Safi ikalia. Aliangalia, akasimama, akakaa tena.

"Desimali, njoo unisomee. Macho yangu yananidanganya."

Hatua za kufika meza ya pili zilikuwa tano. Hakuhitaji kusoma chochote, kwa maana juu ya barua, kushoto, alikaa bundi. Alisoma hivyohivyo. Nafasi imepatikana. Wangefurahi kumpokea yeye na familia yake. Na kama ameshatoa neno lake kwa chuo kingine, tafadhali aipuuze barua hii.

Kichwa cha Desimali, kwa mazoea yake mabaya, kikawa kinahesabu chenyewe: Mama Safi amesaini saa tatu na dakika thelathini na nane zilizopita. Yeye ameamua siku ishirini na sita zilizopita.

"Mtu kakaa nayo mpaka leo," Mama Safi alikuwa anasema, macho hayatoki kwenye kioo. "Mpaka leo saa tisa. Mtu gani huyu?"

Angeweza kunyamaza. Asingejua mtu. Alitazama ile karatasi ya ukutani na tarehe yake iliyokwisha kazi, akaona aibu ambayo hajawahi kuionja maishani.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Aliyekuwa mbele yako. Walinikubali hapo, zile siku za karanga. Nimewakatalia sasa hivi."

Mama Safi aligeuza kiti taratibu, akamtazama kama anamtafuta mtu mwingine ndani ya uso huo.

"Ulijua lini kwamba hupataki?"

"Tarehe ishirini Machi."

"Na ukawa unaniambia subira."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Desimali alianza kubwabwaja: waende kwa Profesa, aandike kule aombe kufutiwa sahihi, yeye mwenyewe ataandika, ataeleza kosa ni lake. Mama Safi alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia. Kisha akamweleza, polepole kama anavyomweleza mtoto, kwamba Profesa ameweka jina lake kwenye barua ya mapendekezo aliyomwandikia, na kwamba chuo kikishakimbiwa na mtu baada ya sahihi hakichukui tena mtu kutoka idara hiyo, na kwamba mwakani chumba hiki kitakuwa na wasaidizi wengine.

"Sasa na mimi nimfungie nani mlango?" aliuliza.

Mama Safi alifunga ile barua. Alivua mtandio, akaukunja mara mbili, akauweka juu ya mkoba. Halafu akavuta dodoso lililokuwa juu ya rundo.

"Kaa. Chapa."

Desimali alirudi mezani pake akakaa. Mama Safi akakohoa kidogo, akaanza kusoma kwa sauti ileile ya siku zote.

"Dodoso namba mia nne na sita. Hali ya kibanda, kimefungwa."

Desimali akachapa.

"Mwenye kibanda, hayupo. Sababu ya kukifunga, haikutajwa."

Akachapa.

"Swali la saba. Wapo wanaokisubiri?" Hapo karatasi ikasikika ikikunjika mkononi mwa Mama Safi. "Wapo. Andika wawili, mtu na mwanawe."

Katika miaka yote waliyokaa chumba kimoja, Mama Safi alisahihisha makosa tu, hakuwahi kubuni jibu hata moja la dodoso. Desimali hakuthubutu kuinua macho kuangalia kama ndivyo karatasi ilivyosema. Aliandika wawili.