Watu wa Jasi wa Nyumba ya Kware

Jumatatu asubuhi, wageni wakiwa bado hawajafunguliwa lango, Carmosina Balzano, mtunza bustani, aliteka maji kisimani akaenda kumwagilia maharagwe, akakuta yameshamwagiliwa. Udongo ulikuwa umelowa mpaka mizizini, na magugu yalikuwa yameng'olewa na kulazwa kando, mizizi juu, ili jua liyamalize. Alimdhania Sabatino, mlinzi, lakini Sabatino tangu azaliwe hakuwahi kuinamia kitu kisicholiwa siku hiyohiyo. Basi akafuata nyayo. Zilikuwa nyeupe, kama za mtu aliyekanyaga unga, nazo zilimpeleka hadi kwenye mizabibu. Huko alimkuta yule mwanamke wa jasi amechuchumaa, anafunga matawi kwa nyasi.

Hapo chini ya mlima wa volkano wa Vesuvio kila mtu alimjua. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofika kwenye bustani ya ile nyumba ya kale, waliyoiita Nyumba ya Kware kwa sababu ya ndege waliochorwa ukutani, walikuta ndani ya majivu yaliyoganda mashimo yenye umbo la watu. Miili ilikuwa imeoza zamani, zikabaki nafasi zake. Wakamimina jasi, ule unga mweupe wa plasta uliokorogwa na maji, ndani ya nafasi hizo, ikakauka, wakabomoa majivu, wakatoka watu watatu: mzee, mwanamke na msichana mdogo, wote wamejibanza kwenye lango la nyuma. Waliachwa palepale, wakaezekewa bati. Kwenye kibao paliandikwa: Familia. Wageni waliletwa kwa mabasi kutoka Napoli, wakasoma kibao, wakalia kidogo, wakanunua kadi za picha.

"Unakaza mno," Carmosina alimwambia. "Tawi likibanwa hivyo, upepo ukija linakatika."

Mwanamke akalegeza fundo. Akajibu kwa lugha ile ambayo padri alisomea misa, ila yeye aliisema harakaharaka kama watu wa sokoni. Carmosina alikuwa ameisikia kila Jumapili tangu abatizwe, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaielewa. Sasa akajikuta anaielewa. Mwanamke alikuwa anauliza kama bwana amesharudi.

Carmosina alimwambia kwamba hajamwona, wakaendelea na kazi, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande ule.

Mambo mengine aliyapata kidogokidogo wiki ile, palizi ikiendelea. Mwanamke aliitwa Eutychia, jina alilobandikwa na dalali aliyemuuza, na maana yake ni mwenye bahati. Mzee hakuwa mumewe. Alikuwa bawabu wa nyumba, na wala hawakupendana. Msichana hakuwa mtoto wake. Alinunuliwa majira ya kuchipua ya mwaka uleule, pamoja na mbuzi, akawa anaitwa Mdogo kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumuuliza jina. Siku mlima ulipopasuka, bwana alipakia garini mke, watoto, vyombo vya fedha na mbwa. Wao watatu aliwaambia wabaki walinde tini zisiibwe, na wayapanguse majani ya mizabibu yakiangukiwa na majivu. Kisha akalifunga lango la nyuma kwa nje, akaondoka na ufunguo.

"Mliita?" Carmosina aliuliza.

"Mzee alitukataza. Alisema bwana hapendi kelele."

Carmosina aling'oa gugu moja, na jingine, na jingine. Mumewe, Catello, alifia kwenye karakana ya fataki ambayo tajiri wake alikuwa na desturi ya kuipiga kufuli kwa nje, ili watu wasitoke kuvuta sigara. Mahakama ilisema ni bahati mbaya. Tajiri alituma shada la maua kubwa kuliko jeneza, na karakana ikajengwa upya palepale.

Alijifuta mikono akaenda kwa mkurugenzi wa machimbo.

Mkurugenzi, Bwana Ruggero Malvezzi, alikuwa mtu mpole aliyesoma mpaka akapinda mgongo. Alimsikiliza Carmosina mpaka mwisho, akatoka naye bustanini, akasimama mikono nyuma kumtazama Eutychia akichimbua vijishimo vya miche, mzee akiwa ameketi langoni na msichana akibeba kokoto kwenye upindo wa nguo yake. Akasema historia ni kitu kizuri sana. Carmosina akamwomba mawili: kibao kibadilishwe, na paandikwe kwamba lango lilifungwa kwa nje.

Mkurugenzi alimweleza bila hasira kwamba hilo la lango halitawezekana. Kwenye kitabu chake alikuwa amekwisha kuandika kwamba familia ilijifungia yenyewe kwa kuogopa waporaji, na kitabu kilikuwa kimeshachapwa.

"Na kibao, Bi Carmosina, nikuulize wewe. Familia, watu wanaililia. Watumwa watatu walioachwa kulinda tini, nani atawalilia?"

Kisha akataka kujua wale watatu huanza kazi saa ngapi, na kama wanaweza kubeba ndoo za majivu.

Mwezi ulipokaribia kuisha alimwita ofisini na kumwambia mkataba wake hautaendelea. Alimsihi asimwelewe vibaya. Bustani haijawahi kupendeza kama sasa, alisema, na wale wenzake hawali, hawaugui, wala hawana chama cha wafanyakazi.

"Na mshahara wao?" Carmosina aliuliza.

"Wataufanyia nini?"

Siku yake ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Mchana ule, mabasi yalipokwisha kuondoka na Sabatino akiwa amelala kivulini kofia usoni, Carmosina alilifungua lango la nyuma akawaambia watoke. Mzee alikataa. Alisema lango bila bawabu ni tundu tu, akajilaza pale alipokutwa na wachimbaji, uso kwenye kiwiko. Eutychia alisimama kizingitini kwa muda. Halafu akamshika msichana mkono, jambo ambalo Carmosina hakuwahi kumwona akilifanya, wakatoka.

Walipita njia ya mashamba ya mizabibu, wakavuka reli, wakafika Boscoreale jua likiwa bado kali. Mtu mmoja mwenye pikipiki aliwapigia honi kwa kuwa walitembea katikati ya barabara. Jirani, Bi Titina, alileta viti vya ziada, akauliza kama wageni ni wa upande wa marehemu Catello, akasema ni watu wazuri lakini wanachafua sakafu.

Carmosina aliwapikia tambi na maharagwe. Hawakula, ila Eutychia aliinamisha uso juu ya sahani mpaka mvuke ulipokwisha. Alikuwa ameambiwa akae mara kadhaa kabla ya kukaa, na alipokaa alikaa ukingoni mwa kiti. Aliuliza kuna kazi gani. Carmosina alimjibu kwamba hakuna, na kesho pia hakuna, kesho ni Jumapili. Eutychia akaweka mikono mapajani, akaitazama kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa amshikie.

Msichana yeye alikuwa amegundua mlango wa chumba. Aliufungua, akaufunga, akaufungua. Akishikilia kitasa, alitoka nao nje, akarudi nao ndani. Jumapili nzima aliufungua na kuufunga, na watu wa ghorofa ya chini walipogonga dari kwa ufagio, Carmosina alichukua mafuta ya kupikia akazipaka bawaba ili mtoto aendelee bila kusumbuliwa. Hapo ndipo alipomuuliza jina lake. Msichana alifikiri sana. Alisema alikuwa nalo, lakini liko kwa mama yake.

Jumatatu akaja sajini Iovino na askari wawili, na lori lililotandikwa majani makavu. Sajini alimfahamu Carmosina tangu msiba wa Catello. Alivua kofia.

"Bi Carmosina, usinipe kazi ngumu. Hawa ni mali ya Serikali."

"Hilo waliambiwa zamani, sajini. Kabla ya Serikali yako."

"Mimi nimetumwa tu."

Eutychia, ambaye alikwisha kusimama tangu aone kofia mlangoni, aliuliza huyu mtu anasema nini.

"Anasema mna mwenyewe," Carmosina alimjibu.

Eutychia alinyoosha mikunjo ya nguo yake, ingawa jasi hainyooki.

"Ni mtu mwema?"

Carmosina alimtazama sajini, na sajini akaitazama kofia yake.

"Sijui," Carmosina alisema. "Hakai huku. Anakaa Roma."

Eutychia akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Bwana wa kwanza naye alikuwa wa Roma, alisema, huku alikuja kwa ajili ya joto tu. Akapanda lorini bila kushikwa. Msichana ndiye aliyekataa kuachia kitasa, na askari walipomvuta, kidole kimoja kilibaki. Sajini alikifunga kwenye leso yake, akaahidi kitagundishwa na mafundi. Kwa kadiri ya uwezo wake, alikuwa mtu mwenye kutimiza ahadi, na kidole kiligundishwa, ila kiligeukia upande mwingine.

Carmosina alishtakiwa kwa kuhamisha vitu vya kale. Hakimu alimhurumia kwa ujane wake, akamwachia bila kifungo, akampiga marufuku kukanyaga ndani ya uzio wa machimbo. Alipoulizwa kama ana la kusema, Carmosina alisimulia habari za lango lililofungwa kwa nje. Hakimu alimsikiliza kwa adabu, akasema shauri hilo limepitwa na muda. Mzee alipofikiwa na habari kwamba wenzake wamerudishwa, alisogea kidogo wapate nafasi.

Carmosina akapata kazi kwenye kiwanda cha nyanya, kwenye meza ya kumenya, na vidole vyake vikaliwa na asidi mpaka alama zikafutika. Mwaka uliofuata, majira ya joto, alisikia kwamba mkurugenzi amepewa nishani, na kwamba machimbo mengine ya kale ya jirani yameomba utaratibu uleule. Jumapili moja akaenda akasimama nje ya uzio. Watu wa jasi walikuwa wameongezeka. Walipangwa mstari kuanzia bustanini hadi ukuta wa mashariki, wanapokezana ndoo za majivu, na mwisho wa mstari wawili walikuwa wakimimina jasi kwenye shimo jipya ili apatikane mwingine.

Eutychia alikuwa katikati ya mstari. Carmosina alimwita kwa jina. Ndoo ilisita mikononi mwake, kidogo tu, kisha ikapita kwa aliyefuata.

Sabatino, ambaye siku hizi alikuwa msimamizi na alikuwa amepewa filimbi, alikuja mpaka kwenye uzio. Alimuuliza Carmosina hali, akamuuliza habari za kiwandani, akamsifu kwa kunenepa, jambo ambalo halikuwa kweli. Halafu akashusha sauti, kama mtu anayemkumbusha ndugu yake adabu kanisani.

"Usimwite, dada. Yuko kazini."

Carmosina alisema ameona. Alisimama mpaka filimbi ilipolia, akarudi nyumbani kulala mapema, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na zamu alfajiri.