Hewa ya Uwanja wa Ndege

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Mtu asije akaniambia hakujua.

Kazi yetu ni kupima urefu wa vyuma kwa mwanga wa leza. Mwanga nao hujikokota kidogo ukipita hewani, na mgandamizo wa hewa ukizidi, unajikokota zaidi. Kwa hiyo lazima kompyuta iambiwe kwanza hali ya hewa ya chumbani, la sivyo jibu linapotoka. Mmoja anakaa na chuma bila kutikisika, maana hata joto la mwili linaharibu. Mwenzake yuko chumba cha pili, anaingiza tarakimu za hewa. Skrini yake huioni. Unamwamini tu.

Siku hiyo mkaguzi alileta fimbo ya chuma ambayo urefu wake aliujua yeye peke yake. Nikiupata, mimi ndiye mkuu mpya wa maabara. Nikikosa, nafasi inakwenda kwa anayenifuata, yaani shemeji.

"Tulia, shemeji," aliniambia huku akicheka. "Wewe pima, hewa niachie mimi."

Kumbe ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nilipima kwa utulivu ambao sijawahi kuwa nao. Mkaguzi akatazama jibu, akatikisa kichwa. Fimbo yangu imetoka fupi kwa nusu ya unene wa unywele. Kwetu sisi hiyo ni aibu ya kumhamisha mtu mji.

Nilikimbilia chumba cha pili. Barometa ya kupimia mgandamizo wa humu ndani ipo ukutani, nzima kabisa, lakini kwenye skrini kuna mgandamizo wa uwanja wa ndege, ule unaotangazwa kwenye simu. Ule hukokotolewa kana kwamba tuko usawa wa bahari, na sisi tunaishi juu milimani, ambako mgandamizo ni mdogo! Nilimkataza tangu wiki yake ya kwanza. Yeye mwenyewe amewahi kumcheka mgeni kwa kosa hilohilo.

"Shemeji, umenifanyia nini?"

"Nimepitiwa," alisema, macho makavu.

Mkaguzi akasema jibu ni la aliyepima, basi.

Nilirudi nyumbani. Njia nzima nilipanga namna ya kumweleza mume wangu unyama wa mdogo wake, nikijua atawaka kuliko mimi. Nilimkuta sebuleni. Kabla sijafungua mdomo, akainua uso kutoka kwenye simu.

"Vipi, dogo wamempa ile nafasi?"