Ubeti wa Fundi Bomba

"Ukuta ni wangu, siyo gazeti la vifo!"

"Ukuta wako, maiti wetu!" Mjane wa fundi bomba alimjibu mama mwenye nyumba, mikono kiunoni, barakoa ikining'inia sikio moja. "Uguse uone."

"Wapangaji wananikimbia, dada."

"Wanakimbilia wapi? Mji mzima unakohoa."

Madirishani watu wakacheka. Mchora mabango hakucheka. Beti zote kumi na moja za pale ukutani zilikuwa za mkono wake. Tangu misiba ipigwe marufuku, wafu wa mtaa walizikwa na watu wasiowajua, ndani ya mifuko ya zipu, hakuna wa kuwaosha, hakuna wa kuwalilia. Ndipo alipoanza: akifa mmoja, ubeti mmoja. Wafiwa walipita mmojammoja, wakausoma kwa sauti, wakapenga kamasi, wakaenda zao. Ubeti wa mwisho haukuwa hata na wiki:

*Fundi bomba wa mtaa, ulotuletea maji,*
*Ulikufa una kiu, nani wa kukupa maji?*

Mwenyekiti wa mtaa akatokea na ndoo ya chokaa. Kelele zikakatika.

"Mchoraji, kesho wakubwa wanatutembelea. Futa."

"Mzee, hawa watu wamekufa."

"Nani kasema hawakufa? Ila kwa ugonjwa huo, mtaa huu hauna hata mmoja." Akashusha ndoo. "Una watoto wangapi vile, kwenye ile orodha yangu ya unga wa msaada?"

"Wanne."

"Haya."

Mjane akajibanza ukutani. "Basi anipake na mimi."

Mwenyekiti akamtazama kwa upole, kama baba. "Mama, juzi ulipochukua unga ulitia dole gumba kwenye fomu ya kifo. Mumeo kafa na nini?"

Mjane akapandisha barakoa, akajibu chini chini.

"Majirani hawajasikia."

"Presha," mjane alisema. Akaingia ndani.

Mchoraji akapaka. Chokaa ilikuwa maji matupu. Nusu ya mfuko bila shaka ilikuwa inang'arisha nyumba ya mwenyekiti. Beti nyingine zilizama kwa mkono mmoja wa chokaa. Ule wa fundi bomba aliupitia mara tatu, na bado neno "kiu" likawa linachungulia. Akalipitia mara ya nne. Alipogeuka, madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Mlango mmoja ukafunguka.

"Bomba lake bado linatoa maji, shemeji," mjane alisema, bila kuutazama ukuta. "Nawa hiyo chokaa, uingie tule unga wa presha."