Kile Kilichosogea Tu

Wakati wa vita barabara ya kwenda mji wa Kama ilifungwa, na Claudine alikaa Mikelenge, mtaa wa Kindu, bila kujua kama mama yake, Safi, yuko hai. Kisha Florentin, mfanyabiashara aliyekuja Kindu kwa ndege, akamletea diski. Alikuwa amepita Kama na kamera, akampiga video Mama Safi akichambua maharagwe uani.

Majirani walijaa sebuleni. Jenereta ikawashwa, diski ikaingizwa kwenye mashine ya video ya kuazima. Mama akatokea kwenye televisheni. Mara uso wake ukavunjika kuwa viraba, ukaganda, huku mikono ikiendelea kuchambua. Claudine akapiga yowe. Aliona ni habari ya kifo.

"Hapana, mama," alisema Abdallah, jirani aliyekuwa fundi wa redio. "Jicho ya mashine njo iko na vumbi."

Aliifungua, akafuta kioo kidogo kwa pamba yenye spiriti.

"Mwanga mwekundu unasoma vishimo vya diski, vidogo kuliko vumbi," alieleza. "Lakini picha nzima haiandikwi kila mara. Inaandikwa moja kamili, halafu kile kilichosogea tu. Mama yako ametulia, uso unabaki ule wa mwanzo. Mikono njo inaandikwa upya. Kipande kikipotea, picha ya zamani na ya sasa zinachanganyika."

Claudine alimkazia macho. Kwa hiyo kutulia kwa mama yake nako kulikuwa kumehifadhiwa mle! Video ikaanza upya, bila viraba. Mama Safi akainua uso: "Claudine, niko muzima."



Vita vilipokwisha, Safi alikuja Kindu, na mpaka leo anaishi kwa bintiye. Juzi waliitia video ile kwenye televisheni mpya, ile bapa. Safi, aliyekuwa ametoka kunawa, aliisogelea kujitazama. Tone la maji likaruka kwenye kioo, likatua juu ya kilemba cheupe cha kwenye picha. Akainama. Ndani ya tone, lililokuza picha, kulikuwa na vijistari vyekundu, vya kijani na vya buluu.

"Claudine, kuya! Nyeupe iko wapi?"

Claudine akaja, akatazama. Hakuiona popote.

"Haiko, mama. Macho yako njo inachanganya hizo rangi tatu, inaitengeneza."

Safi alichovya kidole majini, akaweka tone juu ya shavu lake la pichani, kisha kwenye maharagwe, kisha angani. Kila mahali zile rangi tatu tu.

"Mungu wangu," akanong'ona, akavuta kiti karibu kabisa na kioo.