Kopo la Hamdu, Bangili za Zuleikha

Mwaka 2002 Hamdu na mdogo wake Zuleikha waliuza shamba la minazi waliloachiwa na baba yao kijijini Kanga, kule kisiwani, wakagawana pesa. Hamdu alizitia noti zake kwenye kopo la maziwa, akalifukia chini ya kitanda. Zuleikha alivuka kwenda Dar es Salaam, akarudi na bangili sita za dhahabu.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Hamdu alimcheka, arusini, msibani, popote. "Akili za kike hizo. Hela nzima kuifanya pambo! Dhahabu inaliwa?"

Zuleikha alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia sebuleni.

Kisha redio ikatangaza kwamba noti za zamani zinaondolewa. Mwenye nazo azipeleke benki ndani ya miezi mitatu. Zuleikha akamwendea.

"Shikamoo kaka. Tangazo umelisikia?"

"Marahaba. Nimelisikia. Wanataka kujua nani ana nini. Hela ni hela, ina sahihi ya gavana."

"Gavana huyo kishaondoka zamani."

"Nenda kasugue bangili zako."

Miezi mitatu ikapita. Mwaka huohuo mtoto wa jicho akamziba Hamdu macho yote mawili, akaambiwa akafanyiwe upasuaji Dar. Ndipo alipolifukua kopo, akaenda nalo benki, mjini Kilindoni.

"Mzee, hizi hazitumiki tena," msichana wa dirishani alimwambia.

Hamdu akafoka, akamtaka meneja. Meneja akamwambia lilelile.

Jioni alifika kwa dada yake akipapasa ukuta. "Uza moja," alisema. Hakusema tafadhali.

"Hata wangezipokea," Zuleikha alimjibu, "pesa zilizonunua nusu ya shamba leo zingekununulia magunia machache ya mchele. Umekaa na hasara chini ya kitanda, ukanicheka mimi."

Walivuka pamoja hadi Dar. Sonara wa Kariakoo aliisugua bangili kwenye jiwe, akaidondoshea tindikali, akaiweka kwenye mizani. Hakuuliza ni ya mwaka gani, wala rais alikuwa nani ilipofuliwa. Bangili ile moja ikatoa zaidi ya bei ya zote sita zilipokuwa mpya.

"Kwa moja tu?" Hamdu aliuliza.

"Moja," Zuleikha alimjibu. "Haiozi, haishiki kutu, na hakuna ofisi itakayotangaza kwamba kuanzia Jumatatu hii si dhahabu. Bibi yetu alilijua hilo, na darasa hakulikanyaga."

Hamdu akazitia pesa mfukoni, wakaenda hospitali.

Macho yalifunguka. Wiki ya pili baada ya kurudi Kanga, jirani yao Somoe alikuja kwa Zuleikha akihema.

"Kaka yako yuko barazani anasema alijitibu kwa akiba yake mwenyewe! Hutakwenda kumsuta?"

Zuleikha aliendelea kukuna nazi.

"Mwache," alisema. "Nikienda kumkanusha, nitakuwa nimemhesabu kuwa naye ni mtu."