Mkono wa Pili wa Vanishi

Mkwe wake alikuwa na heshima mpaka ikawa kero. Mama Kioo akigusa sufuria, anapokonywa. Akishika ufagio, anaambiwa, "Mama, pumzika." Alikuwa amehamia kwa binti yake baada ya karakana ya samani alikofanya kazi miaka thelathini na moja kufungwa, na tangu hapo alikuwa amepumzika kuliko alivyopumzika maisha yake yote. Jina la Mama Kioo alipewa na maseremala, kwa kuwa meza aliyoipaka vanishi yeye ungeweza kujitazama ukachana nywele. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya thelathini na mbili ilishafika na hata kijiko hajapewa. Kwa hiyo alikwishaamua moyoni: mwezi huu ukiisha na bado anawekwa kochini kama pambo, atapanga chumba chake mwenyewe, akakae huko peke yake. Hakumwambia mtu.

Mwalimu, ndivyo alivyomwita mkwewe, alifundisha fizikia, na siku hizo alikuwa akitengeneza koili ya Tesla, mtambo wa kurusha cheche za umeme hewani, ili wanafunzi wake waone kwa macho yale wanayoyakariri. Mama Kioo hakuelewa mengi, ila alielewa kazi ya mikono. Kulikuwa na bomba la plastiki, nene kama chupa ya lita moja, na juu yake Mwalimu alikuwa ameviringisha waya wa shaba mwembamba kama uzi, mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupandana wala kuachana, mizunguko elfu moja na mia moja. Ilimchukua jioni tano. Alihesabu kwa sauti, na mtu akimsemesha aliinua kidole kimoja na kuendelea kuhesabu. Mama Kioo alimpenda kwa kidole kile.

Ijumaa jioni Mwalimu alipaka vanishi mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ili unyevu usipenye na umeme usiruke ovyo kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo mama wa watu alipoteseka. Mwalimu alichovya brashi mpaka shingoni. Brashi yenyewe ilikuwa ya kupakia ukuta, inanyonyoka nywele. Mama Kioo alisema pale kochini kwamba brashi hiyo inakunywa mno. Mwalimu alicheka kwa adabu, akamwomba asijisumbue.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alikwenda kufundisha masomo ya ziada, na binti, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu. Mama Kioo akainuka kwenda kutazama. Alikuta michirizi mitatu, mapovu, na nywele mbili za brashi zimegandia mle. Sasa, katika kazi yake kuna sheria moja ambayo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anaijua: kati ya mkono na mkono, msasa. Akatoa kwenye sanduku lake msasa laini kuliko yote, akaanza kusugua juu kabisa ya bomba, polepole, akijiambia kwamba Mwalimu akirudi atakuta uso kama yai, na labda baada ya hapo atampa kazi nyingine.

Alikuwa amefika upana wa vidole vinne alipofuta kwa kitambaa. Vumbi la vanishi ni jeupe. Hili lilikuwa na wekundu.

Alisogeza bomba dirishani. Waya uliokuwa kahawia ulikuwa uking'aa. Akakumbuka Mwalimu alivyomweleza mkewe kwamba ule ukahawia si rangi ya shaba, ni utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na ndio unaotenga mzunguko na mzunguko. Mama Kioo akaketi. Alikaa pale saa mbili nzima, msasa mkononi.

Mwalimu aliporudi, Mama Kioo hakumwacha hata avue viatu; alimweleza yote. Mwalimu alichukua bomba, akapitisha kidole, na uso ukamshuka. Halafu, jamani, lile tabasamu la kumpokea mgeni likarudi palepale.

"Haidhuru, Mama. Ni kitu kidogo. Wewe kapumzike."

Lilimuuma kuliko tusi.

"Mwalimu," alisema, "usinidanganye. Nimeharibu au sikuharibu?"

Mwalimu aliweka bomba mezani. "Umeharibu."

"Mwanafunzi wako akiharibu hivi, humwambia akapumzike?"

"Namwambia akae arekebishe mwenyewe."

"Na mimi nina kasoro gani?"

Mwalimu akavuta kigoda akamwekea.

Alimweleza kwamba vumbi la shaba limeingia kati ya mizunguko na umeme utapita njia ya mkato. Itabidi wafumue sehemu yote iliyosuguliwa. Koili itakuwa fupi na cheche zitapungua, lakini itafanya kazi. Mama Kioo akaanza kubandua kwa ukucha, mzunguko mmoja mmoja, Mwalimu akihesabu. Kwenye sitini na kitu akavuta kwa pupa.

"Taratibu, Mama! Ukikata huku chini tumekwisha!"

Mwalimu hakuwa amewahi kumpandishia sauti. Akajiziba mdomo, akaanza kuomba radhi. Mama Kioo alimwambia ahesabu, asipoteze namba, akainama asionekane anavyotabasamu. Walifumua mizunguko mia mbili na saba.

Ulipofika mkono wa pili, zamu ya kukaripia ikahamia kwa Mama Kioo. Brashi ya ukuta aliitupa pembeni, akatoa yake. Bomba walilipitishia mpini wa fagio, wakaulaza juu ya viti viwili; Mwalimu akazungusha, yeye akapaka, utando mwembamba usioacha alama.

"Usisimame," alimwambia. "Ukisimama inachirizika."

"Mkono umekufa ganzi."

"Si ulitaka koili?"

Binti aliporudi kutoka zamu aliwakuta hivyo, wote wawili wananuka vanishi. Alimgombeza mumewe kwa kumtumikisha mama yake, akanyoosha mkono apokee brashi.

"Mwache," alisema Mwalimu, macho kwenye bomba. "Kaharibu mwenyewe, atamaliza mwenyewe. Bado mikono mitatu. Kesho asubuhi namtaka hapa."

Binti akarudisha mkono. Mama Kioo alichovya brashi ncha tu, na kile chumba alichotaka kupanga kikamtoka moyoni.

"Kesho hapana," alisema. "Haitakuwa imekauka vizuri. Keshokutwa, na usichelewe."

"Sawa, Mama," alisema Mwalimu, akaendelea kuzungusha.