Kapi la Bendera

Hatibu hakuwa mwoga wa kuchapwa kiboko. Ndivyo alivyopenda kusema akiwa kwake Bigwa, amekunja miguu juu ya jamvi na majirani wakimsikiliza. Lakini wiki ile hata uji ulikataa kupita kooni, na mkewe Mwaisha, aliyemjua kuliko alivyojijua mwenyewe, aliacha kumuuliza kama ameshiba.

Kazi yake ilikuwa bendera. Kila asubuhi alikwenda kwenye boma la Wajerumani pale Morogoro, akaifunga bendera kwenye kamba, akavuta mpaka ikafika juu ya mlingoti. Jioni akaishusha, akaikunja. Kazi nyepesi, ya kujikunia mgongo, utasema, na ingekuwa hivyo kama si upepo. Alasiri upepo wa Uluguru ulishuka mlimani ukaingia uani mwa boma, ukagonga kuta, ukakosa pa kutokea. Hapo ukaanza kuzunguka. Kamba zikajisokota kama nywele za msichana aliyekaa kusukwa, bendera ikajiviringisha kwenye mlingoti, na Hatibu akabaki chini anavuta huku na kule, jasho linamchuruzika, askari wanamcheka.

Wangeishia kumcheka kama si ile siku bendera ilipokwama katikati, haipandi wala haishuki. Siku hiyohiyo wageni wa Kizungu wakateremka kwenye treni, wakafika bomani, wakaitazama bendera, wakavua kofia. Kwao bendera ikisimama katikati ya mlingoti ni msiba. Wakampa Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, mkono wa pole, wakamuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Bwana Shauri hakuwa na maiti wa kuwaonyesha.

Wageni walipoondoka, Hatibu aliitwa. Siku ya kuzaliwa Kaizari, mfalme wa Wajerumani, ilikuwa inakaribia, na watu wa vijiji vyote vya karibu wangeletwa bomani kuishangilia. Bendera ikijisokota siku hiyo, mwenye bendera angelazwa chini palepale mbele ya watu akachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Hesabu hiyo nchi nzima iliijua, hata watoto waliokuwa hawajajua kuhesabu vidole vyao.

Sasa, mgongo wa mtu hupona. Kilichomkosesha Hatibu usingizi kilikuwa mkwe. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na Hatibu alikuwa ameolea Bigwa, amejenga kwenye ardhi ya mama mkwe wake, Bi Pili. Tangu aoe hakuwahi kumtazama mama huyo usoni, wala yeye kumtazama. Wakikutana njiani mmoja aliingia majanini mpaka mwenzake apite. Neno la huyu kwenda kwa yule lilipitia kwa Mwaisha, hata kama wote wawili walikuwa wamesimama uwanja mmoja. Na Hatibu, ambaye mkwe hajauona hata uso wake, ndiye avuliwe nguo alazwe kifudifudi juani, mkwe akiwa amepangwa mstarini na askari ili aone vizuri. Hakuna ambaye angemfukuza Bigwa baada ya hapo. Angeondoka mwenyewe kwa aibu, mkeka wake kwapani, na watoto wangebaki na ukoo wao. Hatibu aliwapenda watoto wake kupita kiasi.

Alikimbilia kwa Mikidadi, fundi wa karakana ya reli, mtu wa Pangani aliyejifunza mambo ya kamba na matanga kwao pwani. Mikidadi akaja bomani, akautazama mlingoti juu mpaka chini huku akitafuna kitu.

"Unataka kapi la pili," alisema. "Juu unalo, chini huna. Funga jingine hapa chini, upitishe kamba, utaona zitakavyoachana."

"Kapi ndiyo nini?"

"Kile kigurudumu kilicho juu, kinachopitisha kamba. Kila siku unakivuta, hujui jina lake?"

Hatibu alikuwa akikiita tu "kile cha juu". Karakana haikuwa na kapi la kumpa. Yaliyokuwapo yalikuwa ya chuma, makubwa kama sufuria za pilau, ya kunyanyulia vyuma vya reli. Lakini alikumbuka kwamba Dominiko, kaka yake Bi Pili, alikuwa seremala katika misheni huko juu Mgeta, na kwamba Bi Pili mwenyewe alikuwa anajiandaa kwenda kumsalimia. Akarudi nyumbani amechangamka. Lile neno alilopewa na Mikidadi alikuwa nalo kama mtu mwenye kanzu mpya, anatafuta pa kuivalia.

"Mwambie mama," alimwambia mkewe, "akirudi kutoka Mgeta aniletee kapi. Liwe zuri, maana ni la kazi ya bendera."

Mwaisha akamtazama. Alikokulia yeye, na mama yake, na bibi yake, kapi ni kile unachokipuliza kwenye ungo baada ya kutwanga, kikaruka na kuku wakakikimbilia.

"Kapi?"

"Kapi," alisema Hatibu kwa madaha, wala hakuongeza neno.

Mwaisha akaufikisha ujumbe kama ulivyo. "Wazungu wana mambo," alisema Bi Pili. Angekuwa mtu mwingine angemuuliza ni la nini, lakini mkwe hahojiwi. Akapanda mlima. Kule Mgeta hakuona hata haja ya kumwambia Dominiko, maana seremala mzima utamsumbuaje kwa makapi? Alikaa na wifi yake wakatwanga na kupepeta, na yeye akayachagua makapi kwa mkono, meupe, makavu, yasiyo na hata kokoto, kwa sababu alisikia wanavyosema kuhusu mume wa mwanawe na kiboko, na roho ilikuwa inamuuma.

Alifika Morogoro alasiri, kesho yake ndiyo siku ya Kaizari. Hakupitia nyumbani. Alimkuta Mwaisha bomani pamoja na wanawake wengine walioletwa kufagia uwanja, wakaenda wote wawili mpaka karibu na mlingoti, kikapu kikubwa kichwani mwa mama. Hatibu alipomwona mkwe anakuja alijificha nyuma ya mlingoti, mti ambao haukufikia unene wa paja lake. Bi Pili naye akageuka, akampa mgongo.

"Mama anasema kapi lako ndilo hili," alisema Mwaisha, akakitua kikapu.

Hatibu akanyoosha mkono bila kutazama, akaingiza vidole chini ya kitambaa. Kitu kilikuwa laini, chepesi, kinateleza. Akachungulia.

"Mwulize mama," alisema polepole, "hiki ni nini."

"Mama anasema ni kapi."

Hatibu alikaa chini. Alitaka kukasirika akakosa wa kumkasirikia, maana neno alilitoa mwenyewe, tena kwa maringo. "Mwambie mama namshukuru," alisema. "Mwambie mimi nilitaka kigurudumu cha kupitishia kamba. Watu wa pwani wanakiita kapi. Mwambie kosa ni langu."

Hakukuwa na haja ya kumwambia, mama mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache tu. Mwaisha aliziba mdomo kwa kanga, lakini kicheko kikampenya, kisha kikageuka kilio, akawa hajui ni kipi anakifanya. Bi Pili hakucheka. Safari yote ile ya mlima, shingo imemwingia mabegani, na kumbe alikuwa amebeba chakula cha kuku.

Ndipo upepo ulipoingia. Ukakifunua kile kitambaa, ukachota makapi kikapuni, ukayanyanyua. Mwanamke aliyepepeta maisha yake yote hawezi kuona makapi yanaruka asiyatazame yanakwenda wapi, na Bi Pili aliyatazama. Hayakwenda popote. Yalikuwa yanauzunguka mlingoti, yanapanda huku yanazunguka, yote upande mmoja. Akachota mengine kwa kiganja, akayarusha. Nayo yakafuata njia ileile.

"Wewe mlingoti," alisema Bi Pili.

Mwaisha alishtuka. Mama yake alikuwa ameuelekea ule mti, macho ameyakaza juu.

"Nasema na wewe mlingoti, sisemi na mtu. Shida yako si kigurudumu. Kamba yako inazungushwa upande mmoja kutwa nzima, kama kamba ya mbuzi."

Hatibu, upande wa pili wa mti, alikohoa.

"Mlingoti," alisema, "mwulize mama, mbuzi wa wapi."

"Mbuzi wa kwetu Mgeta. Kule ni mteremko mtupu, ukimwachia mbuzi anaporomokea kwenye mboga za watu. Ukimfunga anazunguka kigingi, kamba inajisokota mpaka inamkaba. Kwa hiyo tunaikata kamba katikati, tunatia kipande cha mti mgumu chenye tundu. Kwenye tundu unapitisha kijiti chenye kichwa, kama uyoga. Upande mmoja wa kamba unaufunga kwenye kile kipande, upande mwingine kwenye kijiti. Mbuzi akizunguka, kijiti kinazunguka naye, na kamba inatulia. Umenielewa, mlingoti?"

"Mlingoti," alisema Hatibu, na sasa alikuwa amesimama, "mwulize mama, kwenye bendera vinakaa vingapi."

"Mimi nimefuga bendera lini? Lakini ningekuwa yeye ningetia kimoja juu yake na kingine chini yake."

Askari wawili waliokuwa wanapita walisimama kuwatazama watu wazima hawa wanaozungumza na mti, wakatazamana, wakaenda zao.

Hatibu aliondoka mbio kwenda kwa Mikidadi. Alipokwisha kupotea, Mwaisha alimsogelea mama yake. "Mama, si wewe unayesema kila siku heri bendera hii ingeoza?"

"Ioze keshokutwa," alisema Bi Pili. "Kesho nautaka mgongo wa mume wako."

Mikidadi alicheka mpaka akashika mbavu aliposikia habari ya makapi, lakini alikuwa mtu mwema, akachukua keekee akatoboa vipande viwili vya mpingo, akachonga na vijiti vyake. Kabla jua halijazama vilikuwa vimeshafungwa. Hatibu alivizungusha kwa kidole, vikazunguka. Hilo halikumtuliza moyo, kwa kuwa kidole si upepo.

Kesho yake boma lilijaa. Watu wa Bigwa walipangwa mbele kabisa, na Bi Pili alikuwa mstari wa kwanza, mahali penyewe Hatibu alipoomba asiwekwe. Sherehe ilikuwa ya asubuhi, lakini treni ya wageni ilichelewa, watu wakasimama juani saa baada ya saa, na tarumbeta zilipolia jua lilikuwa limeshapinduka na miti ya mlimani imeanza kuinama. Karibu na mlingoti alisimama askari na kiboko chake. Hatibu alikitazama mara moja tu.

Akavuta. Bendera ikapanda, nyeusi, nyeupe na nyekundu, imelegea. Ilipofika nusu, pale pale ilipokwama siku ile, upepo ukaingia. Hatibu aliuhisi mikononi kabla ya kuuona: kamba ikatetemeka, bendera ikageuka upande, ikageuka tena. Akaacha kuvuta. Alijua akivuta kwa hofu atakwamisha, na hofu ilikuwa imemjaa. Akalitaja jina la Mungu, akavuta polepole. Bendera ikazunguka, kijiti kikazunguka nayo, na zile kamba mbili zikabaki zimenyooka. Ikafika juu, ikajikung'uta, ikakaa upande wa upepo.

Bwana Shauri aliinua macho, akayateremsha kwenye saa yake, akaanza hotuba. Hakumtazama Hatibu. Askari wa kiboko alipiga miayo, akakitia kwapani. Hayo ndiyo yote yaliyotokea, na Hatibu aliona hajawahi kupewa zawadi kubwa kama hiyo ya kutotazamwa.

Watu walipotawanyika yeye alibaki, kwa sababu bendera hushushwa jioni. Akasikia hatua nyuma yake, hatua anazozijua, akageukia ukutani kama kawaida yake.

"Mlingoti," alianza Bi Pili, kisha akajikatiza. "Hapana. Nimechoka kusema na mti. Hatibu, geuka."

Hatibu hakugeuka. Mkwe ndiye mwenye ruhusa ya kuuondoa mwiko ule, na wengine hufa bila kuuondoa. Alidhani hakusikia vizuri.

"Geuka, mwanangu. Jana usiku nilikaa nawaza: wangekulaza hapa, mimi ningekujua kwa mgongo tu. Mtu anaishi kwangu, anawalea wajukuu zangu, halafu nimjue kwa mgongo?"

Akageuka, macho chini, machozi yanamtoka wala hakuyafuta. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Inua uso."

Akauinua. Alimwona mama mfupi, amechoka na safari, mapengo mawili mbele, na macho ya Mwaisha hasa. Bi Pili naye alimtazama, paji la uso, macho, mashavu, bila haraka, na alipofika katikati akaanza kutikisa kichwa.

"Kumbe ile pua ya wajukuu zangu imetoka hapa," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikiulaumu ukoo wa marehemu mume wangu."

Kisha akatandika kanga yake kwenye kivuli cha ukuta, akaketi amemwelekea, kumngoja ashushe bendera waende nyumbani.